Zawadi kwa Mtu Asiyepungukiwa

Dominika ya Nne ya Majilio, Mwaka C

Ndugu wasikilizaji wapendwa, zimesalia siku chache tu kabla ya Noeli, na bila shaka wengi wenu mnaonisikiliza asubuhi hii mmekwisha kuandika, iwe katika karatasi au moyoni, majina ya watu mnaotaka kuwakumbuka kwa zawadi. Majina mengi kati ya hayo hayasumbui. Mtoto anataka viatu, na kipimo cha mguu wake unakijua. Shangazi aliyeko kijijini, kitenge chake kimechakaa tangu masika. Mlinzi wa usiku anahitaji koti. Lakini lipo jina moja, pengine mawili, ambalo kila ukilifikia kalamu husimama. Ni la yule ndugu, au mkwe, au mwajiri, au mfadhili, ambaye hana anachokosa. Ukifikiri habari za shuka, anazo kabati zima. Ukifikiri habari za redio, anazo tatu na televisheni. Mwisho wa yote unanunua kikapu kilichofungwa utepe, chenye biskuti na chupa ya divai, unampa dereva akipeleke, nawe unalifuta lile jina kama mtu aliyekwisha kulipa ankara ya maji.

Nataka leo tukae kidogo na jina hilo.

Najua mtu ataniuliza: Baba, kwa nini uzitumie dakika za redio kwa shida za wenye navyo, ilhali wako jirani zetu ambao siku ya Noeli itawakuta hawana unga? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni fupi. Asiye na unga hahitaji mahubiri kuhusu zawadi, anahitaji unga, na mwenye nafasi ampelekee leo kabla jua halijatua. Ninayemsema mimi ni mwingine, na nina deni kwake, kwa sababu nilimkosea.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa paroko katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini. Tulikuwa na mfadhili mmoja, mzee mfanyabiashara wa mbao, mwenye malori na kiwanda kidogo cha kupasulia magogo. Paa la kanisa letu lilitoka kwake. Kengele ilitoka kwake. Hata tangi la maji la zahanati, ingawa hakupenda litajwe. Basi kila mwaka ilipokaribia Noeli, halmashauri ya parokia ilikaa kushauriana juu ya zawadi ya mzee, na mwaka huo ninaousimulia tulikaa vikao vitatu. Mmoja alisema tumpelekee mbuzi, akakumbushwa kwamba mzee ana zizi. Mwingine alisema tumpe picha ya Familia Takatifu, ikaonekana kuwa tulimpa picha hiyohiyo miaka miwili nyuma. Hatimaye tulinunua saa ya ukutani, tukaandikisha chini yake jina la parokia na neno la shukrani, tukaenda kumkabidhi, watu wanne pamoja nami.

Tulimkuta sebuleni. Juu ya kichwa chake palikuwa na saa ya ukutani, na katika kona palikuwa na nyingine kubwa ya kusimama. Nikamwuliza kama ilivyo desturi:

"Hamjambo nyumbani, mzee?"

"Hatujambo, baba. Hatujambo kabisa."

Akaipokea ile saa kwa mikono miwili, akaisoma maandishi yake, akaiweka mapajani. Kisha akaniangalia akitabasamu, akasema: "Na mwaka huu, baba, ni mifuko mingapi ya saruji?"

Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wenzangu, kwa sababu barua ya kuomba saruji ya ukuta wa shule ya chekechea nilikuwa nayo mfukoni.

Hapo, ndugu zangu, ndipo ugonjwa wa zawadi nyingi za namna hii unapoonekana. Mara nyingi hatuwapi wenye navyo kwa kuwapenda, twawapa kama mvuvi anavyoitia chambo ndoana. Na yule samaki si mjinga, chambo anakijua. Torati ilikwisha kuonya tangu zamani kwamba zawadi huyapofusha macho ya wanaoona, na nchi yetu nayo iliona haja ya kuitungia jambo hilo sheria, ndiyo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, ambayo humtaka kiongozi atoe taarifa ya zawadi inayozidi ukarimu wa kawaida. Vikapu vinavyopanda ngazi za ofisi mwezi wa Desemba vingekuwa na midomo, vingesema mengi. Lakini sitaki tuwacheke watu wa ofisini. Nimekwisha kuwaambieni kilichokuwa mfukoni mwangu.

Sasa natamani mfungue pamoja nami Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Habari iliyomo hatuisomi katika Majilio. Katika Misa twaisikia Dominika ya 13 ya Mwaka A, na hata hapo mistari miwili ya katikati, wa 12 na wa 13, imerukwa, nayo ndiyo ninayoitaka leo. Katika mji wa Shunemu, kwenye tambarare ya Yezreeli, alikuwako mwanamke tajiri. Alimwona nabii Elisha akipita njia ile mara kwa mara, akaanza kumkaribisha chakula. Baadaye akashauriana na mumewe, wakamjengea chumba kidogo juu ya dari, wakatia humo kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu vinne tu. Tazameni jinsi mama huyu alivyojua kuchagua zawadi. Hakumpa nabii mapambo. Alimwangalia mtu wa safari, akaona kwamba anachoka, kwamba anahitaji pa kuegemea anapoandika au kusali, na kwamba jioni giza humkuta. Kinara cha taa ndicho kinachonipendeza zaidi, maana aliyekiweka alikuwa amekwisha kumfikiria mgeni wake hata saa za usiku.

Elisha akataka kurudisha wema. Ndipo shida yetu ikamkuta nabii wa Mungu: ampe nini mwanamke ambaye ana kila kitu? Akafanya kama tufanyavyo sisi. Akamwuliza kama angependa asemewe kwa mfalme, au kwa mkuu wa jeshi. Yaani alitoa kile alichokuwa nacho mkononi, ndiyo kujuana na wakubwa. Mama akajibu kwamba anakaa katikati ya watu wake. Jibu la heshima sana hilo, na maana yake yaeleweka: sijambo, sina haja. Wengi wetu tungeishia hapo, tukanunua kikapu.

Lakini Elisha hakuishia hapo. Aligeuka akamwuliza mtumishi wake, Gehazi: basi atendewe nini? Na Gehazi, ambaye baadaye katika kitabu hichohicho ataonekana kuwa mtu wa tamaa, siku hiyo aliona kile ambacho bwana wake, mwenye kuona maono, hakukiona. Akasema mama huyu hana mwana, na mume wake ni mzee. Kilio cha mama kilikuwa wazi mbele ya macho ya kila mtu aliyeingia nyumba ile. Hakuna aliyekitaja, kwa sababu mwenyewe hakukitaja, na tena kwa sababu mtu aliyezoea kutoa haulizwi anacholilia.

Nami nilikuwa na Gehazi wangu, ila sikumwuliza, alikuja mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Februari. Mpishi wa yule mzee, kijana mdogo, alinifuata sakristia baada ya Misa ya asubuhi. Akasimama mlangoni muda mrefu akikunja kofia yake. Kisha akasema: "Baba, naomba usimwambie mzee kwamba nimekuja. Mama hatambui watu tangu mwaka juzi. Mimi ananiita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Usiku huamka anatafuta njia ya kwao Rungwe, na mzee hulala kitini, mlangoni pake, asije akatoka."

Sisi tulikuwa tumeambiwa kwamba mama amekwenda kukaa na watoto Dar es Salaam. Wala hatukuuliza zaidi. Tulipokuwa tukikabidhi ile saa na kupiga picha, alikuwa chumba cha ndani, ukuta mmoja tu kutoka kwetu. Tulimpa saa mtu aliyekuwa anazihesabu saa zote za usiku akiwa macho.

Ndugu wasikilizaji, lugha yetu ina salamu nzuri kuliko nyingi nizijuazo. Twaulizana kama kuna jambo. Hujambo? Sijambo. Lakini kwa kuitumia kila siku tumeigeuza kuwa mlango wa kufunga. Mwanamke wa Shunemu alipata mtoto, mtoto akakua, siku moja akaugua kichwa shambani, akafa mapajani mwa mama yake. Mama akamlaza juu ya kile kitanda cha nabii, akapanda punda, akaenda mbio hadi mlima Karmeli, kilomita 25 na zaidi. Mumewe alipomwuliza kwa nini anakwenda, alijibu kwamba ni salama. Gehazi alipotumwa mbele kumwuliza kama yeye, mume na mtoto hawajambo, alijibu kwamba hawajambo. Na mtoto amelala amekufa! Hakudanganya kwa ubaya. Salamu ya kutumwa mtu mwingine akuamkie njiani ataijibu nani kwa kweli? Alipomfikia Elisha mwenyewe alimshika miguu, akamwaga yote, akamkumbusha kwamba yeye hakuomba mtoto.

Maneno yale yananitisha kila ninapoyasoma. Mama anamwambia nabii: zawadi hii uliileta wewe. Sasa imenivunja moyo, nawe huna ruhusa ya kukaa kando. Ndiyo maana vikapu vya utepe ni salama zaidi. Biskuti zikiliwa zimekwisha, hazikurudishi katika nyumba ya watu. Lakini ukimgusa mtu pale anapopungukiwa hasa, umejifunga naye, na siku ya msiba atakuja akushike miguu.

Elisha kwanza alituma fimbo. Alimpa Gehazi akaiweke juu ya uso wa mtoto, na mtoto hakuamka. Mama alikuwa amekwisha kusema kwamba hamwachi nabii, basi nabii akalazimika kwenda mwenyewe, akapanda chumbani, akajifungia humo na maiti, akasali, akajinyosha juu yake, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, mikono kwa mikono, hata mwili wa mtoto ukapata moto.

Mimi nami nilianza kwa fimbo. Nilimtuma katekista na barua nzuri ya faraja pamoja na rozari iliyobarikiwa. Katekista alirudi akasema mzee amepokea, ameshukuru, na amesema hawajambo. Ikapita wiki. Nilikuwa na sababu nyingi za kutokwenda, nazo zote zilikuwa za kazi ya Kanisa. Lakini yule kijana mpishi kila Misa ya asubuhi alikuwa akiniangalia.

Nilipokwenda sikuchukua kitu chochote. Mzee alinitazama mikononi, akatazama na mfuko wa kanzu yangu, nadhani akitafuta barua. Tuliamkiana. Akasema hawajambo. Nikasema: "Mzee, leo sikuja kwako. Nimekuja kumwamkia mama."

Alikasirika. Aliniuliza ni nani aliyeleta maneno. Alisema nyumba yake si mahali pa watu kuja kutazama. Nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na la kusema, na kwa kuwa nilimwogopea yule kijana. Tukakaa hivyo kitambo kirefu. Kisha akasimama, akatoa ufunguo, akafungua mlango wa ndani.

Sitasimulia yote niliyoyaona humo, ni ya nyumba yake. Nitasema tu kwamba akina mama wa jumuiya ndogo ndogo waliokuwa majirani, waliposikia, kwa ruhusa ya mzee mwenyewe, waligawana siku. Wawili wao walitoka Rungwe, wakajua Kinyakyusa. Wakakaa naye Jumatano, na Dominika asubuhi, wakamenya ndizi na kuimba nyimbo za usichana wao, na yule mama ambaye hakumjua mume wake alikuwa akizipokea nyimbo zile bila kukosea neno. Ndivyo ilivyo katika ugonjwa huo: majina huondoka mapema, na nyimbo za utotoni mara nyingi hubaki nyuma. Jumatano ya kwanza mzee alisema atajinyosha kidogo. Alilala tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na viatu vyake miguuni. Dominika iliyofuata alikuja Misa. Hapo nikatambua kwamba kwa muda wa karibu miaka miwili hakuwa akija, nasi tulikuwa tukisema yuko safarini na malori yake.

Ile barua ya saruji sikuipeleka kamwe. Ukuta wa chekechea ulibaki nusu mpaka nilipohamishwa, na walimu walininung'unikia, wala hawakujua sababu. Pengine nilikosea, watoto wale nao walihitaji ukuta. Lakini sikuweza tena kuingia nyumba ile nikiwa na barua.

Sasa mtaniambia kwamba si kila mwenye navyo ana mgonjwa chumba cha ndani. Ni kweli. Mwingine ana mtoto wasiyesemezana naye. Mwingine amestaafu, na simu iliyokuwa ikilia mchana kutwa imenyamaza. Mwingine hana lolote la kuhuzunisha, ila hakuna mtu anayemwuliza swali la kweli. Malkia wa Saba alipomwendea Sulemani, mfalme asiyepungukiwa, alimletea talanta 120 za dhahabu, ambazo kwa vipimo vya leo hukaribia tani 4, pamoja na manukato na vito. Lakini Maandiko yanatuambia kwamba kwanza alikuja na mafumbo, akazungumza naye yote yaliyokuwa moyoni mwake. Dhahabu Sulemani alikuwa nayo. Mtu wa kumwuliza mafumbo, akamsikiliza mpaka mwisho, huyo ninafikiri hakumpata kila mwaka. Basi kama unaye mjomba tajiri aliyekuwa fundi hodari katika ujana wake, mwombe akufundishe. Kama unaye mkwe aliyesafiri bahari, mwulize habari za bandari. Kumwomba mtu kile ambacho fedha yake haiwezi kununua ni kumheshimu kuliko kumpelekea kile ambacho fedha yake imekwisha kununua.

Na kama hujui pa kuanzia, waulize akina Gehazi. Mwulize dereva, mwulize mpishi, mwulize mjukuu. Waulize kwa upole, si kwa umbeya, nawe uwe tayari kubeba utakachoambiwa.

Injili ya leo yatuonyesha Maria akienda kwa haraka nchi ya milimani, nyumbani kwa Zakaria. Zakaria alikuwa kuhani, mtu wa heshima, na Elizabeti mkewe, aliyeitwa tasa, sasa alikuwa na mimba ya miezi sita. Kile alichokosa maisha yake yote alikuwa amekwisha kupewa. Binti maskini wa Nazareti angemletea nini zaidi? Luka hataji kwamba alishika kitu mkononi. Lakini kumbukeni hali ya nyumba ile. Zakaria alikuwa bubu tangu siku ile ya hekalu. Elizabeti alikuwa amejificha miezi mitano. Ilikuwa nyumba yenye baraka, nayo ilikuwa kimya. Mume na mke wazee, mmoja hawezi kusema na mwingine hatoki nje. Humo akaingia Maria, akaamkia. Luka anaitaja salamu hiyo mara tatu katika mistari michache: Maria alimwamkia, Elizabeti alipoisikia salamu, sauti ya salamu ilipofika masikioni mwake. Kisha akakaa kama miezi mitatu. Fanyeni hesabu wenyewe, sita na tatu, mtaona Maria alikaa mpaka siku gani.

Yule mama wa Rungwe alifariki mwaka uliofuata, katika Majilio kama haya, akina mama wawili wakiwa kando ya kitanda chake. Nilipokwenda kumpaka mafuta niliiona ile saa yetu. Mzee alikuwa ameitundika humo chumbani, juu ya mlango, jina la parokia likisomeka vizuri. Ilikuwa imesimama. Alipoona ninaitazama aliniomba radhi, akasema alikwisha kuitoa betri siku nyingi, kwa maana mlio wake ulikuwa ukimtisha mama usiku.